Kichwa cha Tope Kinaangalia Wapi

Vijana wa hangari, ile siku ya kuniaga mulinipa kiti cha kuegemea, mukaniomba niandike namna kazi ya tope ilivyoanza, juu nyinyi mumekuta mashine na mulango wa vioo. Kiti ninakikalia. Maandishi, muvumilie. Nilisoma kwa mapadri paka mwaka wa tatu, kisha baba alikufa na ng'ombe zikahitaji mutu. Kiswahili changu kina misheni mbele na mutaa wa Kadutu nyuma, na kikichoka kinakaa chini katikati ya njia kama mbuzi wa kuvutwa. Mukingojee kidogo, kitasimama tena.

Mambo ya vyeo na mushahara sitayasema. Mutu anayesimulia mushahara wake wa zamani anafanana na mutu anayesimulia nyama aliyokula juzi: wewe unasikiliza, na njaa yako iko palepale. Nitasema habari ya bomba, ya Papa Murhula, na ya sanduku moja lililotusumbua.

Nilishuka Bukavu miaka ya cinquante, ya hamsini, Wabelgiji wangali wanapanda maua pembeni ya barabara kama watu wasiofikiri kwamba watahama. Nilifikia kwa tonton, mujomba wangu, kule Kadutu. Wakati ule kukaa mujini halikuwa jambo la kuamua tu. Ukiwa na karatasi ya kazi, unakaa. Karatasi ikikatwa, unarudi kwenu na bibi na watoto na sufuria, na polisi anakusindikiza kwa heshima paka mwisho wa mji. Mukumbuke hiyo karatasi, nitairudilia.

Tonton alisikia kwamba kuna Docteur anatafuta vijana wasioogopa maji. Mimi nikawaza hospitali, nikavaa shati nyeupe ya kuazima. Nilipofika kwenye hangari, lile banda kubwa la kazi, nikakuta maman wamepanga musitari na watoto wanaokohoa, nikasema moyoni, ndiyo, ni hapa. Kumbe yule Docteur hakuponya mutu hata siku moja. Alikuwa docteur wa mawe na tope. Alijaribu kuwaeleza wale maman, wakakataa. Kwao docteur ni docteur, na kama hataki kutibu ni juu hawajamuomba vizuri. Basi aliwapa watoto chai ya sukari, akawaandikia barua ya hospitali, na waliopona walirudi kumushukuru na mayai. Sijaona musomi mwenye mayai mengi kama yule.

Mukubwa wetu wa kazi alikuwa Papa Murhula, mutu wa Kabare, mufupi, mwenye shingo nene na sauti ya chini. Zamani alikuwa mwashi wa misheni, njo sababu hakuweza kuona kitu kimekaa upande bila kukinyoosha. Hata kofia ya mutu mwingine aliinyoosha. Aliangalia shati yangu nyeupe, akauliza kama nimekuja kuoa. Kisha akafungua sanduku refu kwenye meza, akachukua waya nyembamba, akaukata udongo uliokuwa ndani kwa urefu, sawasawa na maman anavyokata kipande cha sabuni, na akanipa kidogo kwenye ncha ya kidole.

«Weka kwa meno ya mbele, usimeze,» akasema. «Halafu niambie inakuwa namna gani.»

Kwetu walinituma mujini nikatafute mukate, na siku ya kwanza nimelishwa tope. Nikatafuna. Nikasema iko laini sawa bunga ya muhogo. Akanipa nyingine, ya musitari mweusi, na hiyo ikalia kwenye meno kama muchanga. Akaitika kwa kichwa, na ikawa nimeandikwa kazi. Mutihani wangu wote wa maisha njo ule.

Docteur mwenyewe akaja kutuonyesha sababu. Alitia majivu ya mulima wa moto katika glasi ya maji, akafunika na kiganja, akatikisa, akaweka mezani. Chembe kubwa zikaanguka kwanza, zikalala chini. Zile ndogo zikachelewa, zikatua juu taratibu, na maji yakabaki na ukungu muda murefu. Alisema na ziwa linafanya vilevile. Kila musitari wa majivu ndani ya tope, upande wa chini unalia kwenye meno, upande wa juu hauna kelele. Mushike hiyo pia. Ninajua ninawashikisha vitu vingi, lakini mikono muko nayo miwili.

Sasa vyombo. Tulikuwa na radeau, ni mbao zimefungwa juu ya mapipa matupu, na katikati tundu. Katika tundu tunashusha bomba la chuma, tunalisukuma paka liingie ndani ya tope la chini ya ziwa, kisha tunalivuta na kamba kwa gurudumu la kuzungusha. Linapotoka linalia kama ng'ombe anayejifungua. Tope tunalisukuma polepole kutoka ndani ya bomba, linalala katika bati lililokunjwa kama mufereji, na bati linaingia katika sanduku la mbao, urefu wa mutu mukubwa. Upande wa tope la juu, lile la jana na juzi, tuliita kichwa. Upande wa chini, tope la wakati wa watu ambao hatujui hata majina yao, tuliita miguu. Kichwa kinapakwa rangi nyekundu. Wanaume wanne wanabeba sanduku kwenye mabega paka hangari, na juu ya meza kichwa kinaangalia dirisha. Ni sheria ya Docteur. Hakuwa na sheria nyingi, lakini ile ilikuwa moja.

Munaweza kuwaza namna ilivyokuwa barabarani. Watu wanaona sanduku refu kwenye mabega, wanaume wanavua kofia, maman wanashusha vikapu na kupiga alama ya musalaba. Muzee mumoja wa Cimpunda alitufuata paka mulangoni, macho yamejaa machozi, akauliza aliyekufa ni nani. Papa Murhula, ambaye hakupenda kudanganya, akamujibu kwamba ni ziwa. Muzee akafikiri kidogo. «Basi, pole ya ziwa,» akasema, akaenda zake.

Docteur aliongea kile Kiswahili cha wazungu, kinachotembea bila viatu: mimi hapana jua, wewe leta maji. Lakini alitueleza kazi yake, na si wote walifanya hivyo. Alisema milima ya moto haiwaki ovyo. Iko na nyakati. Inalala miaka mingi kuliko mababu unaoweza kuwataja, kisha inaingia katika musimu: huu unatapika, ule unajibu, na majivu yanaanguka ndani ya ziwa, yanakuwa musitari mweusi. Musitari mumoja ni siku moja mbaya. Mistari mingi imebanana ni musimu wa moto. Hata Kahuzi, mulima wetu wa baridi na ukungu, alisema ulikuwa jiko zamani, sasa umezimika. Papa Murhula alikaa wiki nzima akiuangalia Kahuzi kila asubuhi kama mutu aliyegundua kwamba jirani yake alikuwa askari.

Na ule moshi, Docteur alisema, ukipanda juu sana kupita mawingu, unafunika jua kama kitambaa juu ya sahani. Baridi inaingia, mvua inapotea njia. Kama ni moto mumoja, mwaka ao miaka miwili mbingu inanawa, imekwisha. Lakini katika musimu wa moto, kitambaa kingine kinawekwa kabla kile cha kwanza hakijatoka, na inchi inaanza kuzoea ukame. Na ukame unaonekana ndani ya tope. Mvua ikiwa nyingi, tope linakuwa jeusi, limejaa uozo wa majani. Mvua ikikosa, ziwa linashuka, tope linakuwa jeupe na maganda ya konokono. Kwa hiyo swali lake lilikuwa fupi, alitaka tu kujua kipi kinamuita mwenzake: moto kwanza, ao ukame kwanza?

Masanduku matatu ya mwanzo yalimujibu vizuri. Kutoka miguu kwenda kichwa: tope jeusi, halafu mistari ya majivu imebanana, halafu jeupe. Moto kwanza. Docteur akawa anapiga mluzi tangu asubuhi. Alikuwa karibu kwenda congé, likizo yake, Ulaya, na kule alipaswa kusimama mbele ya wakubwa wa kazi yake aseme kile alichokiona. Alibaki na sanduku moja tu, la nne, la kufunga maneno.

Wakati huohuo Papa Murhula alikuwa na shida nyumbani. Bibi yake, Maman Nsimire, alilazwa hospitali na ugonjwa wa kifua. Kile kitanda alikilalia kwa karatasi ya kazi ya bwana yake. Hakuna karatasi, hakuna kitanda, hakuna dawa, ni kurudi Kabare kwenye moshi wa nyumba ya majani. Na karatasi hazikuwa katika mikono ya Docteur peke yake. Kulikuwa muzungu wa biro, ile ofisi ya karatasi, tulimuita Bwana Kazi, juu kila alipotuona aliuliza «Kazi?» hata kama umeshika nyundo na musumari uko nusu ndani ya mbao. Mwenzetu mumoja wa radeau aliachia bomba likazama. Kesho yake karatasi yake ikakatwa, na jioni tulimusaidia kufunga mizigo.

Sanduku la nne tulilitoa katika ghuba nyingine, ng'ambo ya kilima kikali. Masanduku ya kwanza yalipita barabara ya sawasawa. Hili lilipaswa kupanda kilima paka kwenye mugongo wake, kisha kushuka upande wa pili paka hangari. Wabebaji wetu wa zamani walikataa ile njia, wakaletwa wengine, watu wa Mwenga waliokuwa wametoka katika mashimo ya dhahabu. Mukubwa wao aliitwa Kitoga, mutu mwenye mabega kama kabati na maneno machache.

Siku ile rangi ilikuwa imekwisha. Papa Murhula akaandika kichwa kwa chaki. Katikati ya kilima mvua ikawashika, ile mvua ya Bukavu isiyouliza. Yeye alikuwa na ufunguo, akakimbia mbele kufungua hangari. Sisi wa radeau tulibaki ziwani tukifunga mapipa. Papa alipotoka nyuma ya hangari na magunia makavu alikuta sanduku liko juu ya meza, wabebaji wanakamua mashati, na chaki imeoshwa yote. Haikumusumbua. Kichwa kinaangalia dirisha, ni sheria. Rangi ilipofika, akapaka nyekundu upande wa dirisha.

Docteur akakata na waya. Tope jeusi, halafu jeupe, halafu majivu juu yake. Akaangalia. Akazunguka meza, akaangalia kutoka upande mwingine kama vile tope lingeona haya libadilike.

«Ukame kwanza,» akasema.

Hakupiga kelele, hakumulaumu mutu. Lakini mluzi ulikatika. Siku zile alikaa kwenye kiti chake, chai inapoa, na maman waliokuja na mayai walituuliza kama Docteur amefiwa. Mutu ametengeneza maneno kwa miaka, na sanduku moja limeyakata miguu. Angeweza kulificha nyuma ya mengine. Hakulificha. Alituambia kwamba kule Ulaya atasema alikosea, na alilisema sawasawa na mutu anayesema kesho nitang'olewa jino.

Tulichukua la tano, kwa kuhakikisha. Siku ile jua lilikuwa kali. Rangi ilikuwepo. Papa Murhula akamupa Kitoga ufunguo, na mimi na yeye tukatembea nyuma ya sanduku tukiongea habari ya Maman Nsimire, kwamba homa imeshuka, kwamba ameomba samaki. Tulipofika mugongo wa kilima, pale njia inaanza kushuka, Kitoga akatoa sauti kidogo kooni, na wale wanne wakazunguka pamoja bila kushusha sanduku. Waliokuwa mbele wakawa nyuma. Ilikuwa vizuri kuangalia, kama dansi. Papa Murhula alisimama katikati ya neno samaki.

«Kitoga, munafanya nini?»

«Tunageuka, Papa. Kichwa haiendi chini. Kule kwa mashimo tulikuwa tunabeba batu bameumia. Ukimushusha na kichwa mbele, damu yote inakuya kwa macho, anakufia njiani.»

«Hii iko tope.»

«Najua, Papa. Lakini bega haijui.»

«Na ile siku ya mvua? Muligeuka?»

«Tunageukaka kila siku.»

Wakaendelea kushuka. Papa Murhula akakaa juu ya jiwe, mimi nikakaa karibu naye, na aliniwekea jambo lote mbele polepole, kama anapanga matofali. Siku ya mvua waligeuka. Basi waliingia hangari miguu mbele, na miguu ikaangalia dirisha. Yeye akapaka rangi kwenye miguu, akaiita kichwa. Basi lile sanduku linasomwa juu chini. Ukilisoma vizuri, moto unatangulia, kama katika yale matatu. Docteur hakukosea. Na Docteur anakwenda Ulaya kusema mbele ya watu kwamba amekosea, juu ya chaki ya Murhula.

Ninawaambia nilichomuambia, bila kupamba. Nilimuambia anyamaze. Docteur ni muzungu, wakimucheka Ulaya atapanda ndege nyingine. Yeye akisema, Bwana Kazi atakata karatasi kabla hajamaliza sentensi, na kitanda cha Maman kitapata mutu mwingine. Nilikuwa kijana, lakini hata leo sioni kama nilisema neno baya. Nilimupenda.

Alinisikiliza paka mwisho. Kisha akanyoosha kofia yangu.

«Nikinyamaza,» akasema, «ile tope itasema uongo paka mwisho wa dunia, na mwalimu wake itakuwa mimi.»

Hakuenda moja kwa moja kwa Docteur. Alipitia hospitali, juu kitanda kilikuwa cha mwenye kukilalia. Mimi nilibeba samaki. Alimueleza Maman Nsimire yote, kilima, chaki, wabebaji, karatasi. Maman alikuwa amekonda, macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso. Alisikiliza huku akitoa miiba ya samaki kwa vidole, mumoja mumoja, akiipanga pembeni ya sahani.

«Uende umuambie,» akasema. «Mimi nitakohoa hata kule Kabare.»

Kesho yake asubuhi Papa Murhula alivaa koti la Jumapili, akaenda hangari. Bahati yetu mbaya, Bwana Kazi alikuwa ndani, amekuja kuangalia kama kamba za radeau zimechakaa kweli kama tulivyosema. Papa alisema mbele yake yeye pia. Alisimama wima, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba sanduku la nne limegeuzwa, kwamba rangi iko kwenye miguu, na kwamba mwenye kosa ni yeye peke yake, wabebaji hawakujua.

Bwana Kazi hakuuliza hata «Kazi?» Alisema waende biro, karatasi iletwe. Lakini mimi nilikuwa naangalia uso wa Docteur. Uso ulifunguka kama dirisha. Yule mutu alitaka ile habari iwe kweli kuliko mutu mwenye kiu anavyotaka maji, na aliona haya kuitaka hivyo mbele ya Murhula anayepoteza kila kitu. Akainua mukono. Kwanza tope, akasema. Karatasi nyuma.

Akafungua sanduku la nne. Akachukua kisu kidogo, akatoa chembe kwenye pande mbili za musitari mumoja wa majivu, upande wa rangi na upande usio na rangi. Akampa Papa, akanipa mimi, akatia mudomoni mwake. Akamupa na Bwana Kazi, juu, alisema, kama utafukuza mutu ni vizuri ukiwa na ushahidi kwenye meno. Bwana Kazi alitia, ninaapa, na ilikuwa mara ya kwanza niliona anafanya kazi yetu.

Tulitafuna wote wanne, kimya kama ng'ombe.

Munakumbuka ile glasi ya maji. Chembe kubwa chini. Kama sanduku limegeuzwa, kelele ya muchanga ingekuwa upande wa rangi. Upande wa rangi ulikuwa bunga. Muchanga ulilia upande mwingine, upande wa miguu, mahali pake. Docteur akachukua musitari wa pili. Vilevile. Akachukua wa tatu, wa nne, meno yake yakawa meusi, na kila mara akitafuna polepole zaidi. Mwishoni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

«Rangi iko sawa,» akasema. «Sanduku hapana geuka.»

«Haiwezekani, Docteur,» Papa Murhula akajibu. «Niliwaona na macho yangu, na Kitoga mwenyewe amekubali.»

Mumuone yule mutu. Amepewa mulango wa kutokea, naye anausukuma ufungwe, juu haukukaa sawa. Kitoga akaitwa. Akaja na mukono umejaa karanga, akatuangalia midomo yetu myeusi, akaendelea kumenya. Papa akamuuliza tena: siku ya mvua, kwenye mugongo wa kilima, muligeuka ao hamukugeuka?

«Tuligeuka, Papa.»

«Halafu?»

«Halafu tukaingia, tukaona miguu imeenda kwa dirisha. Na Docteur anapenda kichwa kwa dirisha. Tukaizungusha tena juu ya meza. Wewe ulikuwa unatafuta magunia.»

«Na jana sababu gani hukuniambia?»

«Uliuliza habari ya njia, Papa. Habari ya meza hukuuliza.»

Docteur alianza kucheka pale juu ya ndoo. Alicheka paka akakohoa, paka maman wa nje wakachungulia. Papa Murhula hakucheka. Alishika ukingo wa meza, na Kitoga, asiyejua alichookoa wala alichokaribia kuvunja, akamupa karanga.

Docteur akajifuta macho, akawa mutu mwingine, mutulivu. Lile dirisha la uso wake lilikuwa limefungwa tena, lakini bila hasira. Akasema tope halina kosa na Murhula hana kosa. Aliyetaka moto uwe wa kwanza ni yeye Docteur mwenyewe. Bwana Kazi akasema hata hivyo, mutu asiyejua kichwa na miguu ya sanduku lake hafai. Docteur akamujibu kwa Kifaransa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili chake, nafikiri makusudi, ili tusikie.

«Huyu bibi yake iko hospitali. Alikuja sema kosa ya sanduku iko yake. Sasa sanduku zingine zote, yeye akisema iko sawa, mimi naamini. Karatasi inabaki.»

Bwana Kazi akatema tope nje, akaenda.

Miezi iliyofuata tulitoa masanduku mengine, na yalijibu kila moja kwa sauti yake. Hapa moto unatangulia ukame. Pale ukame unatangulia moto. Docteur alikuwa akiongea nasi wakati wa chai, akitafuta. Labda, alisema, mvua ikikosa miaka mingi na ziwa likishuka, uzito unatoka juu ya mugongo wa inchi, na mulima unapumua kama maman anayeshusha muzigo wa kuni, halafu moto unapata njia. Na moto ukiwa mwingi unafunika jua, mvua inapungua tena. Ni kama majirani wawili wa lupango moja, ua mumoja. Ukija kuamua kesi yao unakuta ugomvi ni wa zamani kuliko nyumba. Alikwenda Ulaya na maneno hayo, hayana urembo wa yale ya kwanza. Aliporudi tulimuuliza walimupokea namna gani. Akasema wakubwa walikohoa sana.

Nyinyi leo munasoma hayo katika vitabu, na mashine zenu zinahesabu. Vizuri. Mimi ninawaachia vitu viwili tulivyoweka kazini baada ya siku ile. Cha kwanza ni musumari. Hakuna chaki, hakuna rangi peke yake: musumari wa chuma kwenye kichwa, juu mvua haina meno ya kuutoa. Cha pili ni swali. Tangu siku ile, sanduku lolote likifika mulangoni, wa ndani anawauliza wabebaji mumegeuka mara ngapi, na wabebaji wanajibu, na jibu linasemwa kwa sauti kabla sanduku halijagusa meza. Musilicheke. Nimeona wageni wenye diplome ndefu wanalicheka, kisha wanasoma ziwa juu chini.

Uhuru ukaja. Docteur akaondoka, akawaachia maman wa Kadutu sukari yote. Bwana Kazi akaondoka pia, maua yakabaki. Kazi ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa, munajua inchi yetu. Kila ilipofunguliwa, Papa Murhula alikuwa wa kwanza mulangoni, ananyoosha bango la jina. Maman Nsimire alitoka hospitali na akaishi miaka mingi. Alipika kasiksi, pombe nzuri ya ndizi za kwao, na kifua chake, alisema, kilipona kwa ubishi tu. Papa alinifundisha paka nikawa naye mabega sawa, kisha nikawa ninambebea mufuko.

Alipofariki, tulimuzika kwenye kilima, mahali ambapo njia inapanda kwanza, halafu inashuka kidogo paka makaburi. Nilikuwa mbele, upande wa kushoto. Kitoga, kichwa chote kimekuwa nyeupe, alikataa kuachia kijana nafasi yake, akashika nyuma. Njiani wanaume walivua kofia, maman wakashusha vikapu, na safari hii halikuwa kosa. Tulipofika juu, pale njia inapoanza kushuka, sikusikia neno. Nilisikia tu ile sauti ndogo kooni mwa Kitoga, na sisi wanne tukazunguka.

Pembeni ya kaburi Maman Nsimire alikuwa amesimama na fimbo yake. Padri alikuwa amefungua kitabu, kamba ziko tayari. Maman akainua mukono kidogo, akatuangalia mimi na Kitoga.

«Mumegeuka mara ngapi?»

«Mara moja, Maman,» Kitoga akajibu.

Akaangalia sanduku kutoka kichwa paka miguu, taratibu.

«Basi,» akasema, «mumushushe.»